Dunia Katika Darasa: Uhakiki wa Maandishi ya Nchi na Desturi za Watu

Katika masomo wanayopewa watoto wa miaka 11 hata 14, hapana lililo jepesi kutahiniwa na gumu kufundishwa kuliko somo la nchi na desturi za watu wa dunia. Ni jepesi kutahiniwa kwa sababu karibu kila kilichomo chaweza kugeuzwa kuwa jina: jina la mlima, la mto, la mji mkuu, la zao na la kabila. Jina huandikwa ubaoni, hunakiliwa katika daftari, na siku ya mtihani hurudishwa kama lilivyotolewa. Ni gumu kufundishwa kwa kuwa jina peke yake si maarifa. Mtoto aweza kusema bila ya kusita kwamba mto Volga huingia katika Bahari ya Kaspi, na asijue kuwa maji ya mto huo huganda wakati wa baridi, wala kwamba kuganda huko huzuia vyombo kupita mpaka barafu iyeyuke.

Jambo hili lakihusu Kiswahili kwa njia ya pekee. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 watoto wa umri huo walikuwa katika shule za kati, yaani darasa la tano hata la nane. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na mwanafunzi aingiapo sekondari hukuta Jiografia inasomeshwa kwa Kiingereza. Kwa mtoto huyo, basi, dunia hutajwa kwanza kwa Kiswahili. Picha aliyoipata ya Mchina, ya Mrusi au ya mtu wa Amerika ya Kusini aliipata katika lugha hii, na msingi ukikaa upande, ukuta utakaojengwa juu yake kwa lugha nyingine nao utakaa upande. Yafaa kuuliza, basi, ni maandishi ya namna gani yastahili kuwa msingi huo.

Vitabu vya shule vya habari za nchi vimezoea kuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni orodha, nayo imekwisha kutajwa. Ya pili ni maajabu. Mwandishi ajuaye kwamba orodha huwachosha watoto hutafuta kitu cha kuwastaajabisha, na kwa hiyo kila taifa hupewa ajabu lake moja: hawa hulala katika nyumba za theluji, hawa husafiri juu ya ngamia, wale hula kwa vijiti viwili. Watoto hufurahi, na mwalimu hudhani wamejifunza.

Mfano mmoja watosha. Vizazi vingi vya wanafunzi vilifundishwa habari za "Waeskimo" na nyumba zao za theluji. Wengi wa watu hao wenyewe hujiita Inuit, na mkutano wao uliofanyika Alaska mwaka 1977 ulilichagua jina hilo. Neno iglu katika lugha yao maana yake ni nyumba, iwe ya kitu gani. Nyumba ya theluji ilikuwa ya watu wa sehemu ya kati ya Aktiki ya Kanada na ya pembe moja ya Greenland, na mara nyingi ilikuwa makazi ya majira ya baridi au ya safari ya kuwinda. Sehemu kubwa ya Greenland nyumba zilijengwa kwa mawe na udongo wenye majani. Leo watu hao hukaa katika nyumba za mbao zenye umeme, na watoto wao huenda shule. Mtoto aliyefundishwa ajabu tu amekosa mambo mawili ambayo ndiyo jiografia yenyewe: sababu na wakati. Hakuambiwa kwamba theluji iliyoshikamana huzuia upepo na kuhifadhi joto, na kwamba mahali pasipo na mti mtu hujenga kwa kile alichonacho, kama mtu wa pwani ajengavyo kwa miti ya mikoko na makuti. Wala hakuambiwa ni lini mambo hayo yalikuwa hivyo.

Madhara yake ni makubwa kuliko kosa la habari. Mtoto aliyezoezwa kuwatazama wengine kama maajabu hana hoja ya kujibu siku atakapojikuta yeye mwenyewe ni ajabu katika kitabu cha wengine. Kwa muda mrefu mtoto wa Ulaya alionyeshwa Afrika kwa picha ya mkuki, ngoma na mnyama wa porini. Atakayelalamika juu ya picha hiyo lazima awe hakufundishwa kumtendea Inuit vivyo hivyo, la sivyo lalamiko lake ni la upendeleo wala si la haki.

Kiswahili hakikosi maandishi ya kuondolea kasoro hizi. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin, alitoa huko Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake zimo habari za safari zilizosimuliwa na watu wa Afrika ya Mashariki wenyewe. Sehemu ya maandishi aliyoyakusanya Velten ilitolewa tena na Lyndon Harries mwaka 1965 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo yamekuwa mikononi mwa wanafunzi wa fasihi. Kwa bahati mbaya hayakuwa mikononi mwa walimu wa jiografia.

Iliyo ya mbali kuliko zote ni habari ya Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyesafiri mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hata Urusi na Siberia. Thamani ya habari hiyo kwa darasa haimo katika umbali wake. Imo katika jinsi msafiri anavyozichukua nchi ngeni kwa kipimo cha mambo anayoyajua: chakula, mavazi, nyumba, vyombo vya kusafiria, ibada na bei. Hayo ndiyo maswali ambayo mtoto naye angeuliza. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Selim hakuwa mtazamaji tu, alitazamwa pia. Katika nchi ambazo wenyeji wake hawakuwahi kumwona mtu mweusi, rangi yake iliwashangaza watu, naye aliusimulia mshangao huo bila ya kuuficha. Katika ukurasa mmoja msomaji huona pande mbili zikistaajabiana. Hapana maelezo ya mwalimu yawezayo kufundisha upesi kama hayo kwamba ugeni si sifa ya kabila fulani, bali ni hali impatayo mtu yeyote atokapo kwao.

Hata hivyo, maandishi ya Selim hayafai kutiwa darasani kama yalivyo. Njia yake iliamuliwa na bwana wake, na alikopita ndiko bwana alikotaka kwenda. Kitabu kilichapwa kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani waliotaka kujifunza lugha kwa kazi ya kutawala, si kwa watoto wa Kilwa au Tabora. Na Urusi aliyoiona imepita. Ilikuwa Urusi ya Tsar, ambaye utawala wake ulikoma 1917. Ikafuata dola ya Kisovieti iliyoundwa 1922 na kuvunjika 1991, na baadhi ya nchi zilizokuwa chini ya dola hizo zikawa nchi zenye kujitawala. Asiyeuweka mwaka 1896 mbele ya macho ya watoto atawafundisha mambo ya kale kana kwamba ni ya leo, nalo ndilo kosa lile lile la nyumba za theluji.

Kitabu cha pili kinachostahili kupimwa ni Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa pia na Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtoro alikuwa mtu wa Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akafundisha Hamburg pia, na alifariki dunia huko Berlin mwaka 1927. Mtu huyu alifanya kwa Wajerumani kazi ile ile ambayo mwalimu wa shule hutakiwa kuifanya kwa watoto: kueleza maisha ya watu wa nchi moja kwa watu ambao hawajaifika.

Namna alivyoieleza ni somo kwa kila mwandishi wa vitabu vya desturi. Hakuanza kwa ajabu. Alianza mtoto anapozaliwa, akaendelea kwa malezi, michezo, chuo, jando na unyago, ndoa, kazi, maradhi, ngoma, sheria na mauti. Desturi iliyowekwa katika mfuatano wa maisha huonekana kuwa na maana, kwa kuwa kila msomaji naye amezaliwa na atakufa, na atauliza kwao hufanywaje. Ada za ndoa hutajwa kwa majina yake, na hutajwa apewaye na atoaye, hata ifahamike kwamba mali ile hufunga jamaa mbili. Kama sura ya Wajapani au ya Waarabu katika kitabu cha shule ingeandikwa kwa mfuatano huo, mtoto angetoka na jamaa kamili akilini badala ya picha moja.

Lakini kitabu hicho kina doa ambalo mhakiki hana ruhusa ya kulipaka chokaa. Mtoro aliandika kama mwungwana wa pwani, na watu wa bara huwaita washenzi. Watumwa nao wamo ndani ya kitabu, na nafasi yao chini ya mabwana huelezwa kama jambo la mpango wa dunia. Wako watakaosema kwamba kwa sababu hiyo kitabu kisiguswe na watoto. Shauri hilo ni la woga, na lingewanyima watoto fundisho lililo bora kuliko yote yaliyomo. Mshenzi si jina la kabila lolote. Hapana mtu aliyejiita hivyo. Ni jina atoalo mtu asimamaye mahali fulani kwa mtu asimamaye mahali pengine, na Mzungu alipofika pwani akiwa na majina ya namna hiyo katika lugha yake, hakumwondoa mwungwana katika hesabu. Mtoto wa Kizaramo au wa Kinyamwezi akilikuta neno hilo katika Kiswahili safi cha Bagamoyo, ataelewa kwamba dharau haikuletwa yote kwa meli. Hili ni jambo chungu, lakini bila ya hilo somo la desturi za watu ni adabu ya mdomoni tu. Kwa kipimo hicho hicho yafaa kuyachungua maneno yaliyobaki katika vitabu na vinywa mpaka leo, kama vile "mbilikimo" kwa Wambuti na Watwa, watu wenye majina yao wenyewe.

Zaidi ya kuchungua maneno, mwanafunzi yampasa kuzoea kupima habari kwa ushahidi. Kwa kazi hii pwani ina mfano usio na kifani. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Habari yake ni fupi, na mtoto wa darasa la sita aweza kuisoma kwa siku moja. Anasema kwamba watu wa Mombasa hula zaidi ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mti. Kilwa aliisifu kuwa katika miji mizuri mno. Hapo wafasiri hawakukubaliana: wengine wamelisoma neno lake kuwa mji wote umejengwa kwa mti, wengine kuwa umejengwa kwa ustadi. Msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani, uliokuwapo kabla ya msafiri huyo, umesimama mpaka sasa kwa mawe ya matumbawe, na magofu ya Husuni Kubwa yaonekana karibu yake. UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Basi mtoto ana maneno ya msafiri mkononi na jiwe mbele yake. Akiuliza ni kipi cha kuaminiwa, na kama nyumba za watu wengi hazikuweza kuwa za miti na udongo huku za wakubwa zikiwa za mawe, amekwisha kuwa mwanafunzi wa jiografia. Na atakapoambiwa katika kitabu kwamba watu wa nchi fulani wote wako hivi au vile, atakumbuka Kilwa.

Pamoja na vitabu, lugha yenyewe ni hazina ambayo darasa huipita bila ya kuifungua. Majina ya pande za dunia katika Kiswahili si herufi za kukariri. Kaskazini ni utokako upepo wa kaskazi, uvumao tangu Desemba hivi hata Machi, na kusini ni utokako kusi, ushikao zamu baada ya masika. Katika majina hayo mawili imo habari ya biashara yote ya Bahari ya Hindi, maana vyombo vilikuja kwa pepo moja na kurejea kwa nyingine. Mashariki na magharibi ni mawio na machweo ya jua. Wazee walitumia pia kibula kwa maana ya kaskazini, na suheli, jina la nyota, kwa maana ya kusini.

Kibula kuwa kaskazini ni kweli pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, digrii 40 hivi mashariki. Lakini Mwislamu aliyeko Siberia huelekea kusini-magharibi, na aliyeko Berlin kusini-mashariki. Wenye hekima walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na mwalimu mwenye tufe la dunia na uzi aweza kuionyesha maana ya methali hiyo kwa dakika kumi. Saa nayo ni vivyo hivyo. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha, na huweza kuhesabiwa hivyo kwa sababu karibu na ikweta jua hutoka na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mtu wa Tromsø, kaskazini ya Norwe, ambako jua halichwi tangu mwezi wa Mei hata Julai, hangeweza kuitunga saa hiyo. Mtoto akiliona hilo amefahamu latitudo, na amefahamu pia kwamba saa yake si kosa la kusahihishwa, bali ni mazao ya mahali pake.

Jikoni pia mna ramani. Mahindi yana jina la Hindi, na hali asili ya mmea huo ni Mexico. Ulivuka bahari baada ya safari za Wazungu kwenda Amerika katika karne ya 15 na ya 16. Pilipili manga ina jina la Manga, yaani Arabuni, na hali asili yake ni Malabar katika Bara Hindi. Jina humtaja yule aliyedhaniwa kuleta, si nchi ya mmea. Darasa likifuata njia ya vitu viwili hivyo tu, litakuwa limepita mabara manne.

Ramani ya ukutani nayo ni maandishi, na yastahili kuhakikiwa kama kitabu. Ile iliyozoeleka hufuata mpango wa Mercator wa mwaka 1569, uliotungwa kwa kazi ya mabaharia. Humo Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika nzima. Kwa kweli Greenland ina kilomita za mraba milioni 2.2 hivi, nayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake ina milioni 2.3 na zaidi, na Afrika yote yapita milioni 30. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono mwito wa kutumia ramani zinazotunza ukubwa wa nchi. Mwito huo ni mwema, lakini kubadili ramani bila ya kueleza sababu ni kubadili jina ubaoni. Hapana karatasi bapa iwezayo kuonyesha tufe bila ya kupotosha kitu. Yafaa watoto waonyeshwe pia ramani ya al-Idrisi ya mwaka 1154, ambayo kusini iko juu, ili wafahamu kwamba juu na chini katika ramani ni mapatano ya watu.

Mwalimu mwenye watoto sabini darasani, vitabu vichache na mtihani mbele yake atasema kwamba hana nafasi ya mambo haya. Hoja yake si ya kupuuzwa, na dawa yake si kumwongezea mzigo. Mzigo upunguzwe. Mtoto aliyejifunza nchi nne kwa sababu zake na wakati wake atajua namna ya kuiuliza nchi ya tano. Aliyekariri arobaini hatajua hata namna ya kuuliza, na baada ya mwaka mmoja zitakuwa zimemtoka.

Kwa hiyo kinachohitajiwa ni kitabu kimoja chembamba cha Kiswahili, chenye sehemu zilizochaguliwa katika habari za Selim, Mtoro na Ibn Battuta, kila sehemu ikiwa na mwaka wake, ramani yake na maelezo ya maneno yaliyochakaa, na kando ya kila moja habari ya leo ya mahali pale pale iliyoandikwa na mwenyeji. Maneno machungu yasifutwe, ila yaelezwe. Kazi hiyo si ya mwalimu wa jiografia peke yake, wala si ya mtaalamu wa lugha peke yake. Maandishi yapo, na lugha ipo. Kilichokosekana ni watu wa fani hizo mbili kukaa meza moja.